Seti ya sola ya nyumbani: tathmini ya fundi wa jenereta

Nianze na hukumu, ili asiye na muda aondoke nayo. Seti hii inafaa kununuliwa, mradi ifungwe na mtu anayeijua kazi na mnunuzi aambiwe mapema ni nini haiwezi. Ninaipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu mbili: inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani, inakula umeme hata pale ambapo hakuna kinachowaka ndani ya nyumba, na mtengenezaji hasemi silikoni, malighafi ya paneli zake, imetoka wapi.

Mimi ni fundi wa jenereta. Mikono yangu imezoea nozeli, pistoni na chujio za dizeli, na riziki yangu kwa sehemu kubwa inatoka huko mpaka leo. Nasema hivi ili msomaji ajue sikuingia kwenye sola kwa chuki ya mafuta. Niliingia kwa sababu nilitaka kujua kifaa hiki kinafanya nini hasa, baada ya kusikiliza kwa muda mrefu watu wenye vyeo wakikizungumzia kama muujiza au kama ulaghai, kutegemea wamesimama mbele ya nani. Mjadala wa kuchimba mafuta na kutumia nishati mbadala umejaa watu wanaosema hili na kutia sahihi lile, na anayeumia ni mnunuzi ambaye alitaka tu kujua kama friji yake itagandisha. Kwa hiyo hapa nitatathmini kifaa, na pamoja nacho maneno yanayosemwa juu yake. Vyote nimevipima kwa namna moja, kwa kuangalia kilichofanyika.

Paneli ni nne, kila moja wati 550. Betri ni ya lithiamu, ile ya chuma na fosfeti, volti 51.2 na saa-ampea 100, kwa hiyo inabeba uniti tano na kidogo. Inveta ni ya kilowati 5, na kidhibiti cha kuchaji kimo humohumo ndani. Kuna reli za alumini, nyaya, viunganishi na kisanduku cha breka. Kisanduku nitakirudia, maana ndipo wafungaji wengi wanapokwepa gharama.

Tuanze na ile 550. Namba hiyo imepatikana maabara, kwa mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzijoto 25. Juu ya paa la bati saa za mchana, seli hufika nyuzi 60 bila shida, na kila nyuzi inayozidi 25 huondoa takriban asilimia 0.35 ya nguvu. Piga hesabu: umepoteza kama asilimia 12, na paneli ya 550 imekuwa ya 480 na kitu. Vumbi na kinyesi cha ndege navyo vinachukua chao. Paneli zangu, ambazo kwa karatasi zina jumla ya wati 2,200, sizioni zikivuka 2,000 isipokuwa kwa dakika chache pale wingu linapoondoka na jua kurudi ghafla huku paneli zikiwa zimepoa. Siku ya jua safi navuna uniti tisa hadi kumi. Siku ya mawingu mazito ni mbili au tatu. Sihesabu hilo kama udanganyifu. Masharti ya kipimo yameandikwa kwenye kibandiko nyuma ya paneli, na anayetaka anaweza kukokotoa mwenyewe kabla hajatoa fedha yake.

Natamani sana ahadi za kisiasa zingekuja na kibandiko cha namna hiyo. Chukua Marekani. Katika kampeni za 2020 Joe Biden aliahidi kwamba hapatakuwa na uchimbaji mpya kwenye ardhi ya serikali kuu. Januari 2021, akiwa ndiyo kwanza ameingia ofisini, alisimamisha ugawaji wa vitalu vipya. Machi 2023 serikali yake ikaidhinisha mradi wa Willow wa kampuni ya ConocoPhillips huko Alaska. Mwaka huohuo nchi ilitoa wastani wa mapipa milioni 12.9 ya mafuta ghafi kwa siku, kiasi ambacho hakuna nchi iliyokuwa imewahi kukifikia. Sasa tazama pande mbili zilivyoitendea namba hiyo. Wapinzani wake walizunguka majukwaani wakisema ameiua sekta ya mafuta. Wengi wa upande wake waliipita kimya, kwa kuwa ingewaudhi wapiga kura walioahidiwa kinyume chake. Namba imechapishwa na serikali yenyewe, mtu yeyote anaweza kuisoma, na pande zote mbili zilikuwa na sababu ya kutoitaja. Barack Obama, aliyeupigania Mkataba wa Paris wa 2015 wa hali ya hewa, mwaka 2018, akiwa ameshaondoka madarakani na akizungumza Houston, mji wa mafuta, alijisifu kwamba ongezeko la mafuta ya Marekani lilikuja katika uongozi wake. Alichosema kilikuwa kweli. Ila ukweli huo ulistahili kusemwa Paris pia.

Paneli yenyewe imewahi kugeuzwa bango. Juni 1979 Jimmy Carter alizindua paneli 32 juu ya paa la Ikulu ya Marekani. Hazikuwa za umeme kama hizi zangu, zilikuwa za kupasha maji. Mwaka 1986, wakati wa Ronald Reagan, ziliteremshwa na hazikurudishwa. Wapenzi wa sola wanaipenda sana hadithi hiyo na huiishia hapo. Hawagusi Januari 1980, miezi saba baada ya uzinduzi, Carter huyohuyo alipotangaza kwamba nchi yake itatumia hata nguvu za kijeshi kulinda maslahi yake katika Ghuba ya Uajemi, na kila mtu alijua maslahi hayo ni mafuta. Wala hawataji kwamba paneli za kuzalisha umeme ziliwekwa katika viwanja vya Ikulu enzi za George W. Bush, mtu aliyetoka kwenye biashara ya mafuta, na ambaye alipokuwa gavana wa Texas alitia sahihi mwaka 1999 sheria iliyosukuma mbele umeme wa upepo katika jimbo hilo.

Kwetu sisi wa karakana, jambo hili halishangazi. Mafuta na jua havijawahi kuishi katika vijiji viwili tofauti. Seli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa ilionyeshwa na maabara ya Bell Labs ya Marekani mwaka 1954, ikigeuza takriban asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme, wakati hizi zangu zinavuka 20. Miaka ya 1970 seli hizo zilipotafuta wateja hapa duniani, baada ya kutumika angani kwenye setilaiti, miongoni mwa waliojitokeza mapema walikuwa kampuni za mafuta. Walihitaji taa na honi za tahadhari kwenye majukwaa ya kuchimbia katika Ghuba ya Meksiko, na kubeba betri nzito kwenda na kurudi baharini kuliwagharimu. Exxon iligharamia kampuni ya paneli. Atlantic Richfield ilinunua kiwanda na kukifanya kikubwa. Wachimbaji walijua kabla ya wengi kwamba kifaa kinafanya kazi, kwa sababu kilikuwa kinafanya kazi juu ya visima vyao.

Kisha fuata njia ya BP. Mwaka 2000 ilijipaka rangi ya kijani na nembo ya jua, ikatangaza kwamba inaelekea kuvuka petroli. Mwaka 2011 ikafunga biashara yake ya sola. Mwaka 2020 ikaahidi kwamba kufikia 2030 itapunguza uzalishaji wa mafuta na gesi kwa asilimia 40. Februari 2023 ikateremsha ahadi hadi asilimia 25, na Februari 2025 ikaiacha kabisa na kuongeza fedha za uchimbaji. Kampuni angalau huandika mabadiliko yake katika taarifa kwa wenye hisa. Waziri akibadilisha msimamo hakuna anayeletewa taarifa.

Nirudi kwenye paa. Betri ndiyo sehemu iliyonifurahisha kuliko zote. Nimezoea betri za maji, ambazo ukizitumia kupita nusu umeziua taratibu, na ambazo chumba chake lazima kipitishe hewa. Hii ya lithiamu naishusha mpaka asilimia 20 bila wasiwasi, haitoi harufu, haihitaji kuongezwa chochote, na ubao wake wa ulinzi hukata wenyewe ikizidi joto au ikipungua mno. Jambo moja la kuangaliwa: inveta ilikuja ikiwa imepangwa kwa betri za maji, yaani za asidi. Asiyebadilisha mpangilio huo ataichaji lithiamu kwa volti zisizo zake na kulalamika baadaye kwamba sola ni takataka. Chomeka waya wa mawasiliano kati ya betri na inveta, chagua itifaki (lugha ya mawasiliano) inayolingana, hakikisha asilimia ya chaji inaonekana sawa kwenye vioo vyote viwili. Kijitabu cha maelekezo hakieleweki, kimetafsiriwa ovyo, kwa hiyo usikitegemee.

Jioni betri inabeba taa, friji, televisheni, feni na chaja za simu mpaka asubuhi, na hubaki na akiba. Pampu ya maji ya wati 750 huvuta mara tatu au nne ya hapo inapoanza kuzunguka, inveta inastahimili. Pasi na birika la umeme navitumia mchana tu, jua likiwa juu, kimoja kimoja. Anayeahidiwa na muuzaji kwamba seti kama hii itaendesha hita ya maji ya kuogea usiku kucha anadanganywa. Uniti tano ni uniti tano.

Mawingu yakifululiza, nawasha jenereta. Hili nalisema wazi kwa sababu nimesikia watu wa majukwaani wakilitumia kama ushahidi kwamba sola ni uongo, na wengine wakilificha wasije wakaonekana wamesaliti. Kwangu ni ufundi tu. Injini ya dizeli haipendi mzigo mdogo. Ukiiacha usiku mzima iwashe taa na friji, haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui vizuri, masizi yanajaa kwenye nozeli na kwenye njia ya moshi, na kwa kila uniti moja unachoma dizeli nyingi kuliko inavyopaswa. Sasa naiwasha kwa saa chache tu, naipa mzigo mzito wa kujaza betri, kisha naizima. Injini inafanya kazi inavyotaka kufanya, nyumba inalala kimya, na dizeli ninayonunua imepungua kiasi kwamba muuza mafuta aliniuliza kama nimeuza mashine. Nimekuwa nikiwashauri wateja wangu wa jenereta wafanye hivyohivyo. Wengine wananiuliza, fundi, sasa wewe uko upande gani? Sielewi swali hilo. Dizeli iliyobaki kwenye dumu ni dizeli ambayo haikuchomwa, aiokoe nani.

Habari ya umeme kukatika ndiyo inayonipandisha hasira zaidi, kwa kuwa nayajua maisha ya watu gizani. Februari 2021 baridi kali iliangusha gridi ya Texas. Jimbo lilihesabu vifo 246. Watu wakiwa bado hawana umeme, gavana Greg Abbott alionekana kwenye televisheni akizilaumu nishati za upepo na jua na wale wanaotaka kuachana na mafuta. Mitambo ya upepo iliganda kweli, hilo halina ubishi. Lakini uchunguzi wa mamlaka za nishati uliotolewa Novemba mwaka huo ulionyesha kwamba asilimia 58 ya mitambo iliyozimika bila kupangwa ilikuwa ya gesi asilia, na sababu kubwa ilikuwa vifaa ambavyo havikukingwa baridi pamoja na gesi yenyewe kutofika mitamboni. Fundi yeyote anajua kinga ya baridi ni kazi ya matengenezo. Inafanyika au haifanyiki. Na Texas ndiyo jimbo linaloongoza Marekani nzima kwa umeme wa upepo, chini ya viongozi wa chama kilekile cha Abbott, Republican. Wanauzalisha, wanautoza kodi, wenye mashamba wao wanapokea kodi ya ardhi kutoka kwenye minara, na siku ya msiba wanautupia lawama.

Upande wa pili nao hauna pa kujificha. Seneta Edward Kennedy wa Massachusetts alisifika kwa kutetea mazingira. Kampuni ilipopendekeza mwaka 2001 kujenga mitambo 130 ya upepo katika Nantucket Sound, bahari iliyo mbele ya makazi ya familia yake, aliupinga mradi wa Cape Wind kwa nguvu zake zote. Mradi ulivutana na wapinzani wenye fedha miaka mingi na ukaachwa mwaka 2017. Na wale wa "chimba, chimba"? Kaulimbiu hiyo ilivuma kwenye mkutano wa Republican mwaka 2008. Septemba 2020 Donald Trump, mtetezi wake mkubwa kuliko wote, alikwenda Florida na kutia sahihi amri ya kuzuia uchimbaji katika bahari ya Florida, Georgia na South Carolina mpaka 2032. Florida ina fukwe za watalii, ina kura nyingi za urais, na yeye mwenyewe ana makazi huko. Mmoja hakutaka minara mbele ya dirisha, mwingine hakutaka majukwaa ya mafuta, na kila mmoja aliendelea kuitetea nishati yake kwa jumla.

Suala la kodi linamgusa mnunuzi moja kwa moja. Sheria ya Marekani ya Agosti 2022 iliyotoa punguzo kubwa la kodi kwa nishati safi ilipita bila kura hata moja ya Republican. Viwanda vya betri na paneli vilipoanza kujengwa, vingi vilikwenda katika majimbo ya uchaguzi ya waliokuwa wameipinga. Agosti 2024 wabunge 18 wa chama hicho walimwandikia Spika Mike Johnson wakimwomba asiyafute mapunguzo yote, kwa sababu ajira zilikuwa zimeshafika kwao. Julai 2025 chama hichohicho kikapitisha sheria iliyoyakata kwa sehemu kubwa, na lile la paneli za nyumbani likakoma mwisho wa mwaka. Wale wa upande mwingine, wanaosema hakuna muda wa kupoteza, wao waliziwekea paneli kuta za ushuru. Ushuru wa asilimia 30 ulianzishwa na Trump mwaka 2018. Biden akauongezea muda mwaka 2022, na 2024 akapandisha ushuru wa seli za China hadi asilimia 50. Inawezekana kabisa kuwa na sababu nzuri ya kulinda viwanda vyako. Basi iseme hadharani, kwamba kwako kiwanda kinatangulia na hali ya hewa inafuata, ili mtu anayenunua paneli ajue kwa nini bei imepanda.

Hapa ndipo inapoingia ile sababu ya pili ya kuzuia nyota. Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Nishati, China inashika zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua ya utengenezaji wa paneli, kuanzia silikoni safi hadi paneli iliyokamilika. Sehemu ya silikoni hiyo imetoka Xinjiang, jimbo la magharibi mwa China, ambako kuna tuhuma nzito za Wauighuri, Waislamu wenyeji wa huko, kufanyishwa kazi kwa shuruti, kiasi kwamba tangu Juni 2022 sheria ya Marekani inachukulia bidhaa za huko kuwa za kazi ya kulazimishwa mpaka mwagizaji athibitishe vinginevyo. Viwanda vya huko pia vimetegemea sana umeme wa makaa ya mawe. Nilimwuliza muuzaji wangu silikoni ya paneli hizi ilitoka wapi. Nikaletewa cheti cha ubora. Nikauliza tena, nikaletewa kilekile. Watetezi wengi wa sola ninaowasoma wanaweza kukutajia kila kijiji kilichohamishwa kwa ajili ya kisima cha mafuta, na wako sahihi kukitaja, lakini ukiwauliza habari za Xinjiang wanahisi umetumwa na kampuni za mafuta. Binadamu anayelazimishwa kazi ni yuleyule, awe analinda bomba au anavunja mawe ya kuyeyushia silikoni. Nitaendelea kuuliza swali hili kila nitakaponunua.

Na tukiwa hapo, mafuta yamo ndani ya paneli pia. Utando unaozishika seli chini ya kioo ni plastiki itokanayo na petroli, ganda la nyaya ni hivyohivyo, na silikoni haipatikani bila kuchoma mawe ya kwazi kwa kaboni katika tanuri kali. Paneli hulipa nishati iliyotumika kuitengeneza kwa muda wa kama mwaka mmoja au miwili, kisha inabaki na miongo ya kuzalisha, kwa hiyo hesabu bado iko upande wake, tena kwa mbali. Kinachonikera ni mtu kuisimamisha jukwaani kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni.

Nchi nazo zina tabia hizihizi, kwa kiwango kikubwa zaidi. Norway inapata sehemu kubwa sana ya umeme wake kutoka kwenye maji. Mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kumi mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme. Machi 2025 ilianza kutoa mafuta katika eneo jipya la visima la Johan Castberg, kaskazini kabisa kwenye Bahari ya Barents, ili wengine wakachome. Uingereza ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa hali ya hewa Glasgow mwaka 2021, na Septemba 2023 ikaidhinisha uchimbaji wa mafuta katika eneo la Rosebank, baharini. Mkutano wa Dubai wa 2023 uliongozwa na Sultan Al Jaber, mkuu wa kampuni ya mafuta ya taifa ya Abu Dhabi. Brazil iliipa Petrobras kibali cha kuchimba kisima cha utafiti karibu na mdomo wa mto Amazon Oktoba 2025, wiki chache kabla ya kuwakaribisha wajumbe wa dunia Belém kuzungumzia jinsi ya kuondokana na mafuta.

Halafu kuna wale wanaoambiwa wasichimbe. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio dhidi ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, bomba ambalo lazima lipashwe moto hadi nyuzi 50 kwa sababu mafuta ya Uganda ni mazito na yana nta. Hoja zake kuhusu watu waliohamishwa na wanyamapori zilikuwa za kweli na zilistahili kujibiwa. Lakini mwaka uleule, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Ujerumani ilirudisha mitambo ya makaa ya mawe kazini, na Kansela Olaf Scholz alikwenda Senegal mwezi Mei kuzungumzia gesi. Na mwenye hisa asilimia 62 za bomba hilo ni TotalEnergies ya Ufaransa, nchi yenye viti katika bunge lilelile. Serikali ya Uganda ililipokea azimio kama dharau ya kikoloni, ikazungumza kwa uchungu juu ya haki ya mwananchi kunufaika na mafuta yake. Oktoba mwaka huo polisi wakawakamata wanafunzi waliokuwa wakiandamana Kampala kulipinga bomba, wakiwa nao ni wananchi.

Mfano unaonisumbua kuliko yote ni wa Ecuador. Mwaka 2007 Rais Rafael Correa alitoa pendekezo: tutaacha mafuta ya Yasuní chini ya ardhi, chini ya msitu wenye viumbe wa kila aina, ikiwa dunia itatuchangia dola bilioni 3.6, nusu ya kile tunachokipoteza. Dunia ilipiga makofi. Hotuba nzuri zilitolewa. Kufikia Agosti 2013 fedha zilizofika mkononi zilikuwa takriban dola milioni 13, na Correa akalifuta pendekezo na kuruhusu uchimbaji. Miaka kumi baadaye, Agosti 2023, wananchi wa Ecuador wenyewe walipiga kura, na karibu asilimia 59 wakasema mafuta yabaki ardhini, wakijua fedha zitakazopotea ni zao. Kila nikisikia kiongozi wa nchi tajiri akihimiza nchi maskini iache mafuta yake, nakumbuka milioni 13 kwa bilioni 3.6.

Kwa hiyo nimejizoesha kumsoma mwanasiasa kama ninavyoisoma mashine iliyoletwa karakanani. Maelezo ya mwenye nayo nayasikiliza kwa heshima, kisha nafungua kifuniko. Kibali kipi ametia sahihi? Ruzuku ameipeleka wapi kwenye bajeti? Mwaka 2009 viongozi wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, waliahidi kule Pittsburgh kuondoa ruzuku za mafuta zisizo na tija. Mwaka 2022, bei zilipopanda, ruzuku kwa watumiaji wa nishati hizo duniani zilivuka dola trilioni moja. Zipo ruzuku ambazo ningezitetea mimi mwenyewe, kwa sababu familia haiwezi kupika kwa maazimio. Basi anayezitoa azitetee kwa jina lake, mbele ya watu walewale aliowaahidi kuziondoa.

Turudi kwa mnunuzi. Kasoro ya inveta ni hii: ikiwa haina mzigo wowote inakula kama wati 60. Kwa saa 24 ni karibu uniti moja na nusu, na kwenye mavuno ya uniti tisa hiyo si hasara ya kupuuza. Siku ya mawingu inaweza kuwa nusu ya ulichovuna. Programu yake ya simu inapendeza, lakini takwimu zinapitia kwenye mitambo ya mtengenezaji, kwa hiyo intaneti ikikatika unabaki na kioo kidogo cha inveta. Feni yake ina kelele. Usiifunge karibu na chumba cha kulala. Dhamana ya paneli ni miaka 25 kwa nguvu na ya betri ni kumi, ila dhamana ni ya mtengenezaji aliye mbali. Uliza kabla hujalipa ni nani hapo ulipo ataipokea betri ikifa, na ukijibiwa kwa namba ya simu tu, tafuta duka jingine.

Mwisho, kile kisanduku. Paneli nne zilizounganishwa mfululizo hutoa karibu volti 200 za DC, umeme unaokwenda upande mmoja tu, na umeme wa DC ukikatwa hutoa cheche inayong'ang'ania. Breka za kawaida za nyumbani ni za AC, umeme wa gridi unaogeuka mwelekeo kila mara. Cheche hiyo haziwezi kuizima, huungua na kugandamana ndani huku umeme ukiendelea kupita, na moto unaanzia ukutani. Aliyekuja kunifungia alileta za AC. Nilimrudisha akazibadilishe kabla hatujagusa waya. Soma maandishi kwenye breka yenyewe: iwe ya DC, volti zake zizidi za paneli zako zote kwa pamoja, na kama ina alama za kujumlisha na kutoa, waya ziingie upande wake sahihi. Dai pia kinga ya radi, na waya wa ardhini unaofika kwenye fremu ya kila paneli. Mfungaji akikuambia hayo ni ya majengo makubwa, mlipe nauli yake aondoke.